Uzi wa samaki kwa sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe: kabla ya bei, uliza samaki ametokea wapi na lini

Mleta uzi

Habari zenu wadau, hasa mlioko Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Uyole, pale magari ya Tukuyu na Kyela yanaposhusha abiria. Mama mmoja akashuka na ndoo yake imefunikwa jani la mgomba, tukamzunguka. Walionitangulia wote waliuliza neno moja tu: shilingi ngapi. Hakuna aliyeuliza samaki katoka majini lini. Nilipouliza mimi, yule mama akanitazama vizuri, akasogeza jani pembeni. "Hawa wa juu wa alfajiri ya leo, mwanangu. Wa chini ni wa jana jioni, hao nimewatia chumvi." Akanichagulia kwa mkono wake wa alfajiri. Waliouliza bei wakaondoka na mchanganyiko, na nina hakika wote wataingia kikaango kimoja.

Hilo ndilo limenileta hapa. Sisi tunakaa juu. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Nyasa halifiki hata mita 500. Ziwa Rukwa liko chini yetu, bwawa la Mtera liko chini ya Iringa, Mwanza na Kigoma pia chini, bahari ndiyo usiseme. Ukiacha wa kwenye mabwawa ya kufugia na vijito vyetu vya baridi, kila samaki anayefika jikoni kwetu amepanda mlima. Na namna alivyopanda, kama ni kwenye barafu, chumvi, moshi au jua, ndiyo inayokuambia umpikeje. Tunachokosea majumbani ni kwamba wote tunawapitisha njia moja: mafuta ya moto, halafu nyanya na kitunguu, halafu tunalalamika samaki wa siku hizi hawana ladha.

Nianze na mbichi. Mtazame jicho. La samaki wa leo limejaa na linang'aa kama lina machozi, la samaki wa juzi limezama na limefunikwa na utando mweupe. Funua shavu uone matamvua. Yakiwa mekundu ya damu, vizuri. Yakiwa ya kahawia na yana ute unaonuka, mrudishe bila aibu. Bonyeza mgongo kwa kidole gumba uone kama kishimo kinajaa palepale. Ila mimi ninayeliamini zaidi ni tumbo, kwa sababu kuoza kunaanzia kwenye matumbo. Samaki anaweza kumwagiwa maji sokoni mpaka akang'aa kama katoka ziwani sasa hivi, lakini tumbo likishalegea na mbavu zimeanza kuchomoza kwenye nyama, hakuna maji yatakayoficha.

Sasa mbasa, maana huyo ndiye nilimbeba Jumamosi. Ni samaki mrefu, mweupe wa fedha, ana mafuta yake mwenyewe, na wa Nyasa wanampenda kuliko wote. Shida yake ni vimiba. Ana miba midogo kama nywele iliyojificha katikati ya nyama, na ndiyo inayowafanya watu wa Mbeya mjini wamkimbie na kuishia kununua sangara. Dawa yake ni kisu. Ukishamparua magamba (anzia mkiani kwenda kichwani) na kumtoa matumbo bila kupasua nyongo, mlaze ubavu kwenye kibao. Mchanje mistari ya karibukaribu sana, upana wa punje ya mahindi, kutoka shingoni hadi mkiani. Kisu kishuke mpaka kiguse mfupa mkubwa. Utasikia kinakata vile vimiba, krr, krr, krr, kila mstari. Usiposikia, kisu ni butu au hujashuka vya kutosha. Geuza, fanya na upande wa pili.

Chumvi na ndimu, dakika 20 hivi, halafu mfute kwa kitambaa safi mpaka akauke. Hapa ndipo wengi tunaharibu: samaki mwenye maji akiingia kwenye mafuta, mafuta yanapoa, anachemka badala ya kukaangika, na ngozi inabaki kwenye kikaango. Mafuta ya alizeti yapate moto kweli, tupia kipande cha kitunguu, kikielea na kutoa mapovu mara moja, mweke. Kisha usimguse! Ngozi ikishaiva inajiachia yenyewe. Vile vimiba ulivyovikata vinaiva na kuwa vikavu, unavitafuna bila kujua. Mwanangu wa miaka 6 alikula kipande kizima na wali wa Kyela, na sikukaa roho juu.

Kambale, magege na dagaa nitakuja kuwaelezea, ila wenyeji wa maziwa hayo wakiwahi, nitafurahi zaidi.

Mdau wa Kyela

Mleta uzi, ndaga fijo (asante sana) kwa kumheshimisha mbasa. Ila nikurekebishe kwa upendo. Sisi huku mbasa wa alfajiri hatumkaangi. Kumkaanga ni kumpoteza, mafuta yake yote yanamezwa na mafuta ya duka.

Weka sufuria, maji kidogo tu yasimfunike, chumvi, kitunguu, nyanya moja, pilipili nzima usiipasue. Yakianza kuchemka ndipo umlaze samaki vipande vikubwa pamoja na kichwa. Funika, moto mdogo, dakika 10 hadi 15 basi. Usikoroge kwa mwiko, shika sufuria kwa masikio uitikise. Ukifunua utaona vijicho vya mafuta ya njano vinaelea juu, hayo ndiyo mbasa mwenyewe. Kula na mbalaga (ndizi za kupika), unywe na mchuzi.

Jambo jingine naomba mlisikie. Mbasa hupanda mito kutaga mayai wakati wa maji mengi. Anayetega nyavu mlangoni mwa mto wakati huo anavua mama na watoto kwa pamoja, na hawa samaki wamepungua, wazee wetu wanakumbuka walivyokuwa. Ukiletewa mbasa tumbo limejaa mayai msimu huo, usimsifie muuzaji.

Mleta uzi

Nimekuelewa kaka, na nakubaliana na wewe kwa sehemu. Wewe unampata hajapanda hata kilima kimoja. Mimi ananifikia amekaa kwenye ndoo zaidi ya kilomita 100, na mchuzi mweupe hauna pa kuficha hata saa moja ya joto la barabarani. Nikipata wa alfajiri mwenye jani la mgomba na barafu chini, nitakufuata wewe. Wa jana jioni mwenye chumvi, kikaango.

Na hilo la mayai nalipigia mstari. Mimi siku hizi nikiona hivyo nanunua usipa, dagaa wetu wa Nyasa.

Mdau wa Isimani, Iringa

Kamwene wadau. Mimi nazungumzia perege wa Mtera, maana ndiye wetu sisi wa barabara ya Dodoma.

Perege (wengine mnamwita gege, na yule wa Mwanza mnamwita sato, ni ndugu wa ukoo mmoja) nyama yake ni nyeupe na haina mafuta mengi. Kwa hiyo hasamehe moto. Dakika tatu za ziada na unakula pamba. Wengi wanamlaumu kwamba ananuka tope. Ni kweli kuna wakati ananuka, hasa bwawa likipungua maji. Lakini harufu yenyewe tunaiingiza mezani kwa uvivu. Fungua tumbo uone, ndani kuna utando mweusi umegandamana na mbavu. Huo ukwanguliwe wote kwa kidole na chumvi, hadi ubaki weupe. Halafu kuna damu iliyoganda kwenye uti wa mgongo, ipasue kwa ncha ya kisu uioshe. Kisha ndimu au siki, dakika kama 15. Ukali wa ndimu unaikata kweli ile harufu ya tope, haifuniki tu. Usimlaze usiku kucha kwenye ndimu, nyama inageuka nyeupe na kulegea kama imeshapikwa.

Wale wa kukaanga mnaonunua pale Mtera mkiwa safarini: mkifika nyumbani msiwarudishe kwenye mafuta. Wameshakaangwa wakakauka ili wavumilie safari. Tengeneza rojo zito la nyanya, karoti na pilipili hoho, liive kabisa, ndipo uwazamishe kwa moto mdogo dakika tano. Wanafyonza na kulainika.

Mdau wa chuo, Mbeya

Wakuu, mimi nimepanga chumba, sina friji, jiko ni la gesi lile dogo. Mbasa na perege nawasoma tu kama hadithi. Nisaidieni dagaa. Nikipika mimi ni mchanga na uchungu.

Mleta uzi

Mdogo wangu, wewe ndiye nimekufungulia uzi. Dagaa wamebeba nyumba nyingi za huku, na mtu asiye na friji hana samaki anayemfaa kuliko hao.

Sokoni utakuta aina tatu za kawaida. Wa Kigoma, wanene kidogo, watamu, bei juu (na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvuliwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, tuliwatafuta kwa tochi). Wa Mwanza, wadogo, bei nafuu. Na usipa wa Nyasa, huyu ni wetu, mrefu mwembamba. Kwa hao wote tazama vitu viwili. Rangi iwe ya fedha, isiwe ya kutu, maana dagaa wa rangi ya kutu mafuta yake yameshachacha na huo ndio uchungu unaousikia. Halafu chota gao moja, liachie taratibu juu ya gazeti au kiganja cha pili. Chenga na vumbi vikibaki vingi kuliko dagaa, walianikwa mchangani. Walioanikwa kwenye chanja huwa safi, waulizie.

Kuhusu mchanga, tatizo liko kwenye kuosha. Watu wanaloweka, halafu wanamimina maji pamoja na dagaa kwenye chujio, mchanga unarudi palepale. Kwanza wakaushe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukigeuza mpaka wanukie. Kisha mimina maji ya uvuguvugu mengi, wakoroge kwa mkono, subiri kidogo mchanga uzame. Sasa wanyanyue dagaa kwa vidole kutoka juu, uwaache wale wa chini kabisa. Maji mapya, rudia mara tatu au nne hadi chini ya bakuli pawe peupe. Vichwa viondoe kama una muda, sehemu kubwa ya uchungu unaobaki iko huko.

Kaanga kitunguu kwanza, tia dagaa peke yao mpaka wakauke na kukakamaa, nyanya ije mwisho. Ukianza na nyanya unapata uji. Kamulia ndimu ukishaepua.

Mdau wa Kyela

Naongezea hapo kwa usipa. Usipa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haina nguvu na samaki wanatawanyika. Kwa hiyo angalia mwezi kabla ya kwenda sokoni. Siku za giza usipa wanakuwa wengi na bei inashuka, na wengi wanakuja wabichi hadi Mbeya. Usipa mbichi, mawese ya huku kwetu, kitunguu na pilipili, dakika saba. Nyama ya ng'ombe hutaikumbuka.

Mdau wa Njombe

Habari za humu. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Njombe mjini. Mwezi huu baridi ni kali, asubuhi bati lina barafu. Huku tunapata zaidi wa friza, vibua na sangara. Huwa nawatoa usiku nawaacha mezani wayeyuke mpaka asubuhi, baridi ya huku inatosha au nakosea? Na mwanangu mkubwa samaki hali kabisa, anasema vinanuka.

Mleta uzi

Dada, karibu. Hili la kibua naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu lilinikuta.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua vibua kwenye duka moja mjini. Mfukoni mlikuwa na barafu nyingi iliyoganda kama kioo, wamepinda na kushikana. Sikujua kwamba hiyo ni dalili ya samaki aliyeyeyuka akagandishwa tena, labda umeme ulikatika, labda njiani. Nikawakaanga vizuri, wameiva. Haikupita nusu saa, uso wa mume wangu ukawa mwekundu kama kachomwa na jua, kichwa kinamgonga, mwili unamuwasha, moyo unaenda mbio. Mimi nikaanza kuwashwa midomo. Tulikimbia zahanati. Mganga akatueleza kwamba samaki wa jamii ya kibua na jodari wakikaa kwenye joto wanatengeneza sumu ndani ya nyama, na ikishatengenezeka hakuna moto wa kuitoa. Sio mzio. Uchemshe, ukaange, uchome, inabaki. Na haina harufu ya kukuonya. Mwingine anasikia kama pilipili fulani mdomoni, mwingine hasikii kitu.

Kwa hiyo kibua wa friza awe amenyooka, kila mmoja na wake, ngozi ina mistari yake inaonekana, barafu mfukoni ni kidogo. Mezani usiku hapana, hata kwa baridi ya Njombe, kwa sababu jikoni kulikopikwa usiku kuna joto lake. Mweke chini kwenye friji tangu jana yake, ndani ya bakuli asidondoshee maji vyakula vingine. Ukiwa na haraka, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji, mtumbukize kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa. Akishayeyuka apikwe, asirudi kwenye friza.

Sangara ni mpole zaidi. Ana mafuta, kwa hiyo hakauki upesi. Huyo mchome. Kitunguu saumu, tangawizi, chumvi, ndimu, na mkaa ulioanza kufunika majivu.

Mtoto nadhani anakimbia maji ya mfukoni. Yamwage, osha samaki mara moja kwa chumvi na ndimu, mkaushe. Jaribu na tui la nazi kama unalipata.

Mdau wa Mufindi

Msitusahau, mito yetu ya baridi ina trauti, walipandikizwa enzi za mkoloni. Magamba yake madogo sana, huhitaji kumparua. Chumvi, siagi kidogo, kikaango, dakika nne kila upande. Basi, usimwekee nyanya.

Mdau wa Kamsamba

Nimesubiri mtu amtaje kambale wa Rukwa nimeona kimya.

Kambale mbichi: nunua akiwa hai. Ana uwezo wa kuvuta hewa, anakaa nje ya maji muda mrefu bila kufa, kwa hiyo anayekuuzia kambale aliyekufa, muulize amekufa lini. Utelezi utoe kwa majivu ya jikoni, msugue kama unasugua sufuria, osha, rudia. Maji ya moto ukimmwagia, yawe ya moto lakini yasichemke, la sivyo ngozi inachunika yote.

Ila kambale mwenyewe ni yule wa moshi. Sokoni usimtazame mgongoni, muombe muuzaji ruhusa umvunje kidogo shingoni, pale nyama inapokuwa nene. Akivunjika kwa mlio na ndani ni mkavu wa kahawia, mchukue. Akiwa mbichi ndani au ana ukungu wa kijani, au vijitundu na unga unaodondoka, hao wadudu wameshamtangulia kumla.

Nyumbani mmwagie maji ya moto, dakika kumi tu, msugue, toa miba. Usimloweke usiku kucha, utabaki na gunia. Mchemshe na kitunguu mpaka alainike. Huku juu msiwe na haraka, maji yenu Mbeya yanachemka kwenye nyuzi kama 94 wala hayafiki 100, ndiyo maana hata maharage yanawasumbua. Akishalainika koroga karanga zilizosagwa kwa maji ya uvuguvugu, mimina taratibu, na hapo usiondoke jikoni, karanga zinashika chini. Moto mdogo, koroga, hadi uone mafuta yake yameelea juu. Ugali wa dona.

Mdau wa chuo, Mbeya

Mrejesho. Nimeosha dagaa mara nne kwa kunyanyua na vidole kama dada alivyosema. Chini ya bakuli la kwanza kulikuwa na mchanga wa kupandia ua. Nimekula na jirani zangu wawili wa vyumba vya pembeni, wamechanga na wao kesho tunarudia. Mkuu wa Kamsamba, kambale wa moshi kwa Mbeya nimpate soko gani?

Mdau wa Kamsamba

Zunguka SIDO pale Mwanjelwa, upande wa samaki wakavu. Nenda asubuhi, na usione aibu kumvunja.

Mdau wa Njombe

Dada mleta uzi, nimerudi. Vibua vyote nilivyokuwa navyo nimevitazama, vilikuwa vimepinda na kushikana, nimevitupa. Iliniuma. Leo nimenunua sangara, maji ya mfuko nimemwaga nje kabisa, nimemchoma kwenye mkaa kama ulivyosema. Mkubwa alikaa mbali kwanza. Baadaye akaja akasimama pembeni ya jiko, akauliza kama ile ngozi iliyokauka inaliwa. Nikamkatia. Karudi mara mbili.

Sasa nifundisheni kichwa cha sangara, maana nimenunua na kichwa na sijui nianzie wapi.